Wanakondoo Wanaozaliwa Kiangazi

*Daktari, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Longido. Mume wangu anafanya kazi Arusha na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kondoo tuko nao mimi na kijana wangu wa darasa la sita. Nina majike 24 na madume wawili. Dume mkubwa tulipewa na marehemu baba mkwe siku tulipoanzisha boma letu, na wa pili ni mwanawe. Wanakaa na majike usiku na mchana, mwaka mzima, na majike huzaa mwezi wowote. Kati ya Januari na Machi mwaka huu nimepoteza wanakondoo tisa. Mama zao hawakuwa na maziwa, na wawili waliwakataa kabisa watoto wao. Kibaya zaidi, mtamba ambaye hajafikisha hata mwaka alikufa akizaa, mtoto amemkwama. Juzi yule dume mkubwa alimpiga mama mkwe wangu kwa kichwa zizini, akaanguka na kuumia nyonga. Nataka kuwatenga madume lakini sina mchungaji wa pili wala zizi la pili. Shemeji yangu anasema dume kukaa na majike ndiyo desturi, na nikimwondoa dume wa baba nimeondoa baraka ya boma. Jirani ananishauri niuze wote ninunue Dorper. Nifanye nini?*

*Mama wa watoto wanne, Longido*

Dada yangu, pole sana. Mpe pole na mama mkwe pia. Wanakondoo tisa katika kundi la majike 24 ni pigo kubwa, na yule mtamba anauma zaidi kwa sababu ndiye aliyekuwa aje kuzaa kwa miaka mingi mbele. Nimeisoma barua yako yote na sioni mahali ulipozembea. Hukuwaua kwa kutowajali. Walizaliwa wakati ambao hata mfugaji hodari asingeweza kuwaokoa wote.

Tatizo hilo halikuanza Februari. Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hadi 150 hivi, yaani miezi mitano kasoro siku chache. Mwanakondoo aliyezaliwa tarehe 10 Februari alitungwa karibu na tarehe 13 Septemba. Siku hiyo dume wako alimkuta mama yake kwenye joto akampanda, na hakuna aliyejiuliza kama Februari kutakuwa na majani. Kondoo wengi wa Ulaya husubiri mchana uanze kufupika ndipo waingie joto, kwa hiyo majira yenyewe humsaidia mfugaji kupanga. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku haviachani sana mwaka mzima. Kondoo wetu akiwa na nyama kidogo mgongoni anaingia joto mwezi wowote, na kama hajashika mimba anarudi tena baada ya siku 17 hivi. Kwa hiyo kwetu usipopanga wewe, anapanga dume.

Sasa tazama yanayotokea tumboni mwa jike. Kwa miezi mitatu ya mwanzo mtoto hukua taratibu sana, mama hahitaji chakula kingi kuliko kawaida. Wiki sita za mwisho mambo hubadilika: zaidi ya theluthi mbili ya uzito ambao mtoto atazaliwa nao hujengwa katika wiki hizo, na kiwele nacho hujazwa wakati huohuo. Jike wako aliyezaa Februari alizipitisha wiki hizo katika Januari iliyokauka. Akazaa mtoto mdogo, bila dang'a ya kutosha, na yeye mwenyewe ana njaa. Jike mwenye njaa husimama, humlamba mtoto kidogo, kisha humwacha akafuate majani. Wale wawili unaosema waliwakataa watoto wao, usiwauze bado kwa kuwadhania ni mama wabaya. Wape nafasi ya kuzaa wakiwa wameshiba, ndipo uwahukumu.

Ninachokushauri ni hiki. Mwaka huu majike wapandwe kuanzia tarehe 20 Novemba hadi tarehe 25 Desemba, na nje ya hapo asipandwe yeyote. Siku hizo 35 ni mizunguko miwili ya joto, kwa hiyo jike mzima ambaye hakushika mara ya kwanza anapata nafasi ya pili. Novemba hiyo mvua za vuli zinakuwa zimeshaanza, majani yamechipua, na majike wanaongezeka uzito. Jike anayeongezeka uzito wakati wa kupandwa hushika mimba kwa urahisi na huongeza uwezekano wa kubeba pacha. Wa kwanza watazaa katikati ya Aprili na wa mwisho kama tarehe 24 Mei, wakati masika imeshaotesha majani na mama ana cha kugeuza maziwa. Agosti unawaachisha kunyonya. Desemba madume wadogo wana miezi minane, nawe unawapeleka mnadani wakati watu wanatafuta nyama ya Krismasi na Mwaka Mpya. Ukitaka soko la Idi ya Kuchinja, ambako wengi hutaka kondoo aliyetimiza mwaka, weka kando wawili watatu walionyooka, wasubiri mwaka unaofuata. Kumbuka tu kwamba Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda yetu ya kawaida.

Mpango huu una mahali pagumu. Wiki sita za mwisho za mimba zitaangukia Machi, kabla majani ya masika hayajasimama. Hapo lazima uwe na akiba. Majike 24 wakila gramu 300 za pumba kila mmoja kwa siku 42, unahitaji kama kilo 300. Nunua baada ya mavuno, pumba zikiwa rahisi, uhifadhi pakavu. Ukishindwa kupata zote, wape kwanza waliokonda na wale wenye matumbo makubwa yanayoonyesha pacha. Jike mwenye pacha akikosa chakula wiki za mwisho huanza kujitenga, huzubaa kama haoni, halafu hulala asinyanyuke. Ukifika huko kumrudisha ni vigumu mno, hata mimi nikiwa na begi langu la dawa pembeni.

Nije kwa shemeji yako, maana hoja yake ina uzito na sitaki uipuuze. Dume akiwa na majike mwaka mzima, daima kuna wachache wenye maziwa, daima kuna mwanakondoo wa kuuza ada ya shule ikifika, na mvua ikikosa mwezi mmoja huangamizi uzao wote kwa pamoja. Wafugaji wa nyika wameishi hivyo kwa akili, si kwa uvivu. Masika ya kwenu hushindwa miaka mingine, tunajua. Ndiyo maana sikushauri uwe na msimu mmoja peke yake. Majike ambao hawakushika Desemba, pamoja na mitamba waliofikia umri, wapandwe kundi la pili kuanzia tarehe 20 Juni, wakiwa bado na mwili wa masika. Hao watazaa kuanzia katikati ya Novemba, kwenye vuli. Litakuwa kundi dogo, na litakupa kitu cha kushika masika ikikugeuka.

Ila anaposema desturi ni dume kukaa huru na majike mwaka mzima, hapo muulize vizuri, kwa heshima, na ikiwezekana mbele ya mzee wa rika la baba mkwe wako. Wamaasai wana njia ya zamani sana ya kumzuia dume bila zizi la pili na bila mchungaji wa pili: kipande cha ngozi kinachofungwa tumboni mwa dume, mbele ya uume, kikining'inia chini. Dume anachunga na wenzake, analala nao, ananusa, anapanda mgongoni, lakini ngozi inamzuia asifike. Msimu ukifika ngozi inafunguliwa. Kwa hiyo kumdhibiti dume hakukutoka kwenye vitabu vyetu vya chuoni. Kulikuwa bomani kwenu kabla vitabu hivyo havijaandikwa.

Kama ngozi ngumu haipatikani, turubai zito linafaa. Likatwe lipite upana wa tumbo na kushuka karibu na magoti. Kamba pana ipite mgongoni, nyingine ipite mbele ya kifua ili turubai lisirudi nyuma. Vidole vyako viwili vipite kati ya kamba na ngozi yake. Ikibana zaidi ya hapo itamchubua, ikilegea zaidi ya hapo itazunguka pembeni na utakuwa umejidanganya. Kila jioni kondoo wakiingia, kijana wako alikague turubai. Mkojo hulowesha upande wa ndani, kwa hiyo mara moja kwa wiki livue usiku akiwa amefungwa peke yake, osha, anika, tazama kama kuna kidonda au mayai ya nzi. Siku ukiona kidonda, usimrudishie hadi kipone. Mfunge kwa kamba karibu na nyumba na umkatie majani.

Kuna jambo turubai lako haliwezi kulitatua, nalo ni dume wa jirani kule lamboni. Makundi matatu yakikutana majini saa sita mchana, jike wako aliye kwenye joto hatauliza dume ni wa nani. Jaribu kubadilisha saa ya kunywesha wakati wa miezi uliyoifunga, na zungumza na majirani wawili mnaoshirikiana maji. Mkikubaliana maboma matatu kufunga na kufungua madume siku zilezile, mtafika mbali kuliko wewe ukihangaika peke yako. Hapo ndipo shemeji yako anaweza kukusaidia sana, maana mazungumzo ya namna hiyo wanaume wa boma watayapokea vizuri yakitoka kwake.

Sasa madume wenyewe. Majike 24 wanahitaji dume mmoja. Dume mzima aliyekomaa anamudu majike 25 hadi 35 kwa msimu. Kijana wa miezi minane mpe 10 au 15 asichoke. Wako wawili wanakula bure na kupigana, na kuna tatizo kubwa zaidi ya chakula: yule mkubwa anapanda binti zake, na yule mdogo anapanda mama yake na dada zake. Uzao wa damu moja hudhoofika polepole. Wanakondoo wanazaliwa wadogo, wanakua taratibu, wanakufa kwa magonjwa ambayo wengine wangeyashinda. Dume mmoja asikae kwenye kundi dogo kama lako zaidi ya miaka miwili, maana kufikia hapo binti zake wa kwanza wanaanza kuhitaji dume.

Yule mtamba aliyekufa, nadhani alipandwa akiwa na miezi mitano au sita. Jike mdogo anaweza kushika mimba hata kabla nyonga zake hazijafunguka. Mtamba asipandwe mpaka afikie theluthi mbili ya uzito wa mama yake, na kwa kondoo wetu wekundu wa Kimaasai hiyo mara nyingi ni mwaka mmoja na kitu. Nao wanakondoo dume wanaweza kupanda wakiwa na miezi minne au mitano tu, kabla hujawafikiria kuwa madume. Kwa hiyo wote usiokusudia kuwabakiza kwa mbegu wahasiwe mapema: kwa mpira katika wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa, au kwa koleo la kuhasi baadaye kidogo, na mtaalamu au mtu mwenye mkono uliozoea. Yule dume mdogo ulionaye sasa mhasi kwa koleo, mnenepeshe, umuuze. Kwa wiki sita baada ya kuhasiwa bado mhesabu kuwa ni dume. Fedha yake itanunua sehemu nzuri ya zile pumba za Machi.

Dume wa baba mkwe usimuuze. Zawadi ya kondoo kwenye boma jipya ni jambo zito, na sitaki ushauri wangu ukuingize kwenye ugomvi ambao utadumu kuliko kondoo wenyewe. Mpeleke kwa ndugu wa ukoo anayeishi mbali kidogo, ambaye majike wake hawana damu naye, mbadilishane madume kwa miaka miwili. Bado ni wa boma lenu, bado anazaa, na wewe unapata damu mpya bila kutoa fedha. Mpe shemeji yako kazi ya kumtafuta huyo ndugu na kusimamia makubaliano. Nikimsikiliza kupitia barua yako, naona mtu anayelinda kumbukumbu ya baba yake, na njia hii inailinda.

Kabla dume huyo hajaondoka, waelezeni watu wa anakokwenda kwamba ameshaanza kupiga watu. Huo si ubaya wa moyo. Mara nyingi dume anayepiga watu alizoeshwa utotoni, alikunwa kichwani na kusukumana na watoto kwa mchezo. Amekua, ana uzito, na haogopi mtu. Mtoto yeyote asimguse dume kichwani, mtu asimpe mgongo, na anapokamatwa ashikwe chini ya kidevu, kichwa kikiinuliwa, maana dume ambaye kichwa chake kiko juu hawezi kupiga. Mama mkwe wako asiingie zizini wakati dume yumo. Na kama maumivu ya nyonga hayajapungua, mpelekeni hospitali apigwe picha. Kwa umri wake msisubiri.

Kuhusu Dorper, jirani yako ana macho ya soko na simlaumu. Dorper ni mzuri. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 na 1940 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Usomali, hivyo ana damu ya ukanda wetu. Hukua haraka na mnadani huvutia bei. Lakini utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha jambo ambalo wazee wenu walikuwa wanalijua: mwekundu wa Kimaasai huvumilia minyoo kuliko Dorper, na kule penye minyoo mingi wanakondoo wake hufa wachache zaidi. Pia anakwenda mbali kutafuta maji na hubaki na mwili pale Dorper anapokonda. Wewe uko peke yako na mtoto wa shule, huna zizi la pili, na pumba ni za kuhesabu. Usiuze majike wako wekundu. Ukiwapoteza, kuwapata tena wasiochanganyika ni kazi, kwa sababu miaka mingi ya kuingiza Dorper Kenya na Tanzania imewapunguza sana. Tafuta dume mwekundu bora. Miaka miwili ikipita na vifo vikipungua, unaweza kutumia Dorper kwa majike wachache waliokwisha kuzaa, watoto wote wakiwa wa kuuza. Usimpe mitamba, maana mtoto wake anaweza kuwa mkubwa kuliko njia.

Dume yeyote mtakayeletewa, mkagueni mapema Oktoba na si siku ya kumwingiza. Mbegu ya dume huchukua kama wiki saba kutengenezwa, kwa hiyo dume aliyeugua homa Oktoba anaweza kuonekana mzima Novemba na bado asishikishe jike yeyote. Mkalishe matako chini. Tazama meno: ya mbele yawe manne au sita makubwa, ndiyo umri mzuri. Vuta kope ya chini. Nyama ya ndani iwe nyekundu. Ikiwa nyeupe, ana minyoo inayonyonya damu. Kagua kwato zote nne, kwa sababu dume huweka uzito kwenye miguu ya nyuma anapopanda, na mwenye kidonda cha kwato atakataa kazi. Kisha shika korodani kwa mikono miwili, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Ziwe mbili, zilingane, ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, zikiteleza bila kushikamana na mfuko. Chini kabisa utagusa uvimbe mdogo wa kila upande, huo ni wa kawaida, mbegu huhifadhiwa humo. Ukikuta upande mmoja umevimba kuliko mwingine, kuna kipande kigumu, au dume anaruka kwa maumivu, mrudishe. Huenda ana ugonjwa unaoambukiza majike na kuua mbegu. Aliyepita ukaguzi mtenge kwa wiki tatu kabla hajaonana na kundi.

Wiki mbili tatu kabla ya tarehe 20 Novemba, pitisha mkono kwenye mgongo wa kila jike, nyuma ya mbavu. Uti ukichoma kiganja kama meno ya msumeno, huyo amekonda. Ukiuhisi kwa kubonyeza kidogo, yuko sawa. Waliokonda waongeze pumba na mashudu ya alizeti. Dume akiingia, mpake rangi kifuani, unga wa rangi uliochanganywa na mafuta ya kupikia, urudie kila baada ya siku mbili tatu. Ngeu haitaonekana kwa kondoo wekundu, tumia buluu iliyokolea. Kila asubuhi kijana aandike kwenye daftari jike gani amekutwa na rangi mgongoni. Baada ya siku 17 badilisha rangi. Wakianza kurudi wengi wenye rangi ya pili, dume ana kasoro, na bado una muda wa kuazima mwingine.

Jambo moja la dawa naomba usilisahau. Ile dawa ya minyoo inayouzwa kila duka, albendazole, haifai kwa jike katika mwezi wa kwanza wa mimba. Inaweza kuharibu kiumbe. Ukitaka kuitumia, itumie mwanzoni mwa Novemba kabla ya dume, kisha iache mpaka mwisho wa Januari. Mwombe afisa mifugo wa kata akuambie chanjo zilizopo. Ya sotoka ya mbuzi na kondoo wapate kabla ya msimu. Chanjo hai ya Homa ya Bonde la Ufa isipewe jike mwenye mimba. Na ukiona majike wengi wanatupa mimba kwa mpigo, hasa mvua ikizidi kama ile ya mwaka 2006 na 2007 iliyoleta homa hiyo kwetu na Kenya, usishike mtoto aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, watoto wasisogee, na toa taarifa siku hiyohiyo. Homa hiyo huua na watu.

Kuzaa kwenyewe, jike aliyeshiba mara nyingi hakuhitaji. Tenga kona kavu zizini kuanzia tarehe 10 Aprili. Ukiona kwato mbili na pua juu yake, mwache. Ukiona mkia, au kichwa bila mguu, au anasukuma saa nzima na hakuna kinachosogea, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko na umwite mtu mwenye uzoefu. Usivute kwa nguvu. Mtoto akitoka, futa pua, chovya kitovu kwenye ayodini, kisha kamua matone mawili ya kila chuchu ili kuzibua nta iliyoziba. Anyonye dang'a ndani ya saa mbili. Kinga yote ya miezi ya mwanzo imo humo, na baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea.

Barua yako imenifikia Septemba, kwa hiyo muda upo. Wiki hii mshoneeni dume turubai, mkubwa kwanza, kisha mdogo akisubiri mwenye koleo. Wale watakaopandwa kabla hujamaliza kushona watazaa Februari. Waandike kwenye daftari na uwawekee pumba zao kando. Ndugu wa shemeji akionyesha dume, niandikie idadi ya meno yake na ulichokihisi mikononi kabla hamjakubaliana.